Fungu la Mtoto

Wazee wa ile nyumba ya kutunzia wazee walimwita mpishi wao Mama Sahani, na jina lilimkaa kwa sababu hakuwa na shughuli sana na nyuso za watu. Mlo ukiisha, wakati wenzake wa jikoni walikuwa wanatafuta kigoda cha kunyooshea miguu, yeye alisimama kwenye karo akipokea sahani moja moja na kuzitazama kabla hazijaguswa na maji. Sahani ilimwambia kila kitu. Wali umesukumwa pembeni na mchuzi umelambwa: huyo fizi zinamuuma. Mboga zimefichwa chini ya kijiko: huo ni ubishi tu, abembelezwe. Nyama imetafunwa ikatemwa: huyo kumeza kumeanza kumshinda, na kuanzia kesho chakula chake kipondwe kabla hajapaliwa.

Kuna watu wanadhani chakula cha wazee ni uji. Uji asubuhi, uji mchana, na jioni, ukiwa na bahati, uji wa moto zaidi. Mtu akisema hivyo mbele ya Mama Sahani, basi ajue amejitafutia makubwa. Fundi cherehani mstaafu alikuwa na sukari na ulimi wa mtoto mdogo, kwa hiyo papai lake lilikatwa vipande vidogo vidogo vingi ili macho yashibe kabla ya tumbo. Karani wa zamani wa posta alikuwa na figo mbovu, kwa hiyo viazi vyake vililowekwa na kuchemshwa kwa maji mengi yakamwagwa, na ndizi alizisikia kwa majirani tu. Mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori alikuwa na presha, na tangu alipokatazwa chumvi alinuna kama aliyenyang'anywa leseni. Mama Sahani alimchezea kwa ndimu, tangawizi na kitunguu saumu mpaka siku moja yule mzee akaenda kwa msimamizi kumshtaki kwamba mpishi anamtilia chumvi kwa siri ili afe mapema. Kesi ile ilimfurahisha mpishi kuliko sifa yoyote aliyowahi kupewa.

Majivuno alikuwa nayo, tusifiche. Alipenda kusema kwamba hajawahi kuona mzee wa kumshinda. Wengine walikuja pale wakiwa mifupa, wamegeuzia ukuta nyuso zao, na yeye akawazunguka kwa supu na maziwa na maneno ya utani mpaka wakafungua midomo. Alijua nani anakula akisifiwa na nani anakula akigombezwa. Alijua nani anataka kulishwa lakini anaona aibu kuomba. Kwa hiyo siku alipomleta mama yake mzazi pale, aliona amemleta mahali salama kuliko pote duniani.

Mama yake alikuwa amezaa mara moja tu, akazaa yeye. Mume alimfia mapema, na tangu hapo mama yule alifua mashuka ya hospitali mpaka vidole vikapinda na kubaki hivyo. Baadaye Mama Sahani naye alipofiwa na mumewe kabla ya kujaliwa mtoto, wakarudi kuwa wawili, mtu na mama yake, chini ya paa moja. Walikaa vizuri. Kisha mama akaanza kusahau, kwanza vitu vya kuchekesha, chumvi kwenye chai, kiatu kimoja cha huku na kingine cha kule. Halafu vikaja visivyochekesha. Jiko likawa linawaka bila sufuria. Na siku majirani walipomkuta kituoni kwa gauni la kulalia, anasubiri basi la kwenda kufua kwenye hospitali ambayo alishastaafu zamani, msimamizi wa nyumba ya wazee alimwita mpishi wake ofisini, akamwambia mlete bibi hapa, utamwacha na nani? Akapewa chumba cha mwisho cha korido, kilicho karibu zaidi na jiko.

Mama Sahani alimpangia mama yake chakula kama asivyowahi kumpangia mtu. Meno hakuwa nayo, na yale ya bandia aliyatupa dirishani siku ya kwanza. Presha ilikuwa juu, kwa hiyo chumvi hapana. Mwili ulikuwa mwepesi tayari, kwa hiyo kila kijiko ilibidi kiwe na maana: mayai yaliyovurugwa kwa maziwa, parachichi lililopondwa likalainika, samaki aliyechambuliwa miba kwa vidole, viazi vilivyosagwa na siagi. Alimpa kidogo kidogo mara nyingi, maana sahani iliyojaa humchosha mzee kabla hajaanza. Alikwenda hata sokoni akanunua sahani nyekundu, kwa kuwa macho yaliyochoka hayaoni wali mweupe juu ya sahani nyeupe. Wenzake wa jikoni walimtania kwamba sasa malkia amehamia. Yeye alicheka tu.

Sahani nyekundu ikawa inarudi imekwanguliwa. Mchana imekwanguliwa, jioni imekwanguliwa. Mama Sahani akaiinua pale kwenye karo, akaigeuza kwenye mwanga, akatabasamu peke yake.

Muuguzi wa zamu ndiye aliyekuja kumharibia furaha. Alikuwa binti mpole, mwenye tabia ya kusema mambo mazito akiwa anatazama viatu vyake. Alimwambia kwamba bibi anapungua. Mpishi akajibu kwamba mizani yao mbovu. Wakamleta dereva wa malori akapanda mizani, na uzito wake ulikuwa uleule wa siku zote, na kiburi chake vilevile. Mpishi akaongeza siagi. Akaongeza mlo mwingine kati ya saa nne na mchana. Sahani ikarudi safi, na gauni la mama likazidi kuning'inia mabegani kama limetundikwa kwenye msumari.

Hapo ndipo alipokosea, na ni kosa ambalo mtu mwingine asingeweza kulifanya. Mtu mwingine angemtazama mama yake. Angeona mashavu yaliyoingia ndani na shingo iliyobaki kamba tupu, akashtuka. Yeye aliyaona hayo yote, lakini akaiamini sahani. Maisha yake yote ya kazi sahani ilikuwa haijawahi kumdanganya, na mtu akiwa na jambo moja analolijua kweli, huliegemea hata linapokuwa linamwangusha.

Ukweli ulijulikana kwa harufu. Siku ya kubadilisha mashuka, muuguzi alimwita aje aone, na sauti yake ilikuwa ya chini zaidi ya kawaida. Ndani ya foronya ya mto, chini ya godoro, kwenye mifuko ya koti na ndani ya viatu vya kutokea, kulikuwa na chakula. Samaki amefungwa vizuri ndani ya karatasi ya kujifutia. Viazi vimekaushwa vikawa kama mawe. Mayai yamekunjwa ndani ya leso, leso imefungwa fundo. Havikuwa vimetupwa ovyo kama mtu anayeficha asichokipenda. Vilikuwa vimefungashwa.

Mama Sahani alikaa kitandani kando ya mama yake, akishika ile leso.

"Hiki chakula cha nani, mama?"

"Cha mwanangu," bibi akajibu, kama aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua. "Saa hizi anatoka shule. Akifika asikute kitu, atalia."

"Mama, mwanao ni mimi. Nipo hapa. Nimekula, nimeshiba."

Bibi alimgeukia, akamkagua kuanzia kilemba mpaka miguu. Hakukasirika. Alikuwa na huruma ya kweli usoni, ile huruma anayopewa mtu aliyepotea njia.

"Wewe ni mtu mzima mwenzangu," akamwambia taratibu. "Una mvi, mwenzangu. Mwanangu hata meno ya mbele hayajaota tena."

Mama Sahani, na umri wake wa kustaafu, akajiona amekuwa yatima, na mama yake amekaa ubavuni pake anapumua.

Lakini alijua habari ya lile fungu, ndiyo maana lilimchoma. Kule kwenye kufua, wafanyakazi walikuwa wanapewa chakula cha mchana, sahani moja kila mtu. Mama yake alikula nusu. Nusu nyingine aliitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akafunika, akarudi nalo jioni, na mtoto alikuwa anamsubiri kizingitini macho yakiwa barabarani. Ndicho kilichomkuza. Kwa miaka alidhani hospitali ina moyo mzuri kiasi kwamba inapika na vya watoto. Sasa kichwa cha mama kilikuwa kimesahau kopo, kimesahau hospitali, kimesahau hata sura ya huyo mtoto alipokua, lakini mikono ilikumbuka kugawa. Na kwa sababu mtoto hakuwa anatokea kula, nusu haikutosha tena. Mama alikuwa anamwekea karibu chote.

Mpishi alilia kwenye stoo, juu ya magunia ya viazi, akalia mpaka kwikwi zikamshika. Kisha akajifuta kwa aproni, akafanya kitu pekee alichokijua. Akapanga chakula.

Kuanzia siku ile alipeleka sahani mbili. Nyekundu ya bibi, na ndogo ya njano iliyofunikwa. "Hii ni ya mtoto," alisema, akaiweka mezani bibi aione. "Nitampelekea mwenyewe. Wewe kula yako." Hakumwita mama tena, alimwita bibi, kama walivyomwita wahudumu wote, kwa kuwa neno mama lilimtia bibi wasiwasi na wasiwasi ulimfunga koo. Kuliacha neno lile kulimuuma kuliko alivyotegemea. Bibi alifunua sahani ya njano, akakagua, mara nyingine akachota kipande kizuri kwenye nyekundu akakihamishia kwa mtoto. Akiridhika, ndipo alipokula. Na alikula, jamani. Alikula kijiko baada ya kijiko, kidevu kikimeremeta siagi.

Kulikuwa na shida moja tu, bibi hakuwa mtu wa kuamini maneno. Alitaka kuona sahani ya njano imerudi tupu. Mara ya kwanza mpishi aliimwaga kwenye ndoo ya makombo. Mara ya pili alishindwa. Alisimama nyuma ya mlango wa korido, akafunua, akaikuta minofu ya samaki ambayo mama yake alikuwa ameihamisha kwa vidole vyake vilivyopinda, akaila yote.

"Amekula?" bibi aliuliza aliporudi.

"Amekula, bibi. Amelamba na sahani."

"Ngozi ya samaki ndiyo anayoipenda. Alianza na hiyo?"

"Alianza na hiyo," akajibu, na ilikuwa kweli.

Basi siku zikaenda hivyo, na lazima isemwe kwamba zilikuwa siku njema. Mizani ikapanda. Fundi cherehani alileta uzi na sindano kulegeza gauni la bibi, alilokuwa amelipunguza mwenyewe bibi alipokonda. Muuguzi akaanza kusema mambo akimtazama mtu machoni. Na mpishi, mwanamke mwenye magoti mabovu na miwani ya kusomea, alisimama kila siku nyuma ya mlango akala chakula alichotengewa na mama yake. Hakumwambia mtu jinsi alivyoingojea saa ile. Mama alikuwa hamjui, lakini alikuwa bado anamlisha.

Kilichoharibu ni mlango. Siku hiyo walikuwa wanapaka rangi korido, ule mlango ukang'olewa ukaegemezwa ukutani, na mpishi hakuwa na pa kujificha. Angekwenda jikoni. Lakini jikoni kulikuwa na wageni wa ukaguzi wakifunua sufuria, naye alikuwa na haraka, akasema acha nile hapa hapa, nimpe mgongo tu. Ndani, bibi alikuwa amekumbuka jambo. Alikuwa amebakiza kipande cha yai kwa ajili ya mtoto na hakukitia kwenye sahani. Akakishika mkononi, akainuka, akaburuta miguu mpaka nje.

Alimkuta mpishi ana sahani ya njano kidevuni na kijiko mdomoni.

Yai lilianguka.  Bibi alitazama sahani, akatazama mdomo uliokuwa ukitafuna, akaelewa kila kitu, na alichokielewa ni hiki: kwamba siku zote hizi mwanawe alikuwa analala na njaa huku huyu mwanamke mnene akimlisha mama uongo. Akamrukia. Hakuna aliyejua kwamba mwili ule una nguvu kiasi kile. Alimpiga makofi ya uso, makofi ya mtu anayefua, akamvua miwani na kilemba.

"Mwizi! Umemlia mwanangu! Chakula cha mtoto, we mwanamke, chakula cha mtoto!"

Mpishi hakuinua mkono kujikinga. Mafundi wa rangi walibaki wameshika brashi zao. Muuguzi na msimamizi walipokuja kuwatenganisha, yeye bado alikuwa na tonge mdomoni, hakuweza kulimeza na hakuweza kulitema.

Watu wenye ugonjwa ule husahau, hiyo ndiyo sifa yake kubwa. Wote walijipa moyo kwamba kufikia kesho bibi atakuwa hakumbuki. Alisahau jina la msimamizi, alisahau kama amekoga, lakini ile sura hakuisahau. Mpishi akitokeza tu mlangoni, bibi alikumbatia mto wake na kutetemeka. Chakula kilichopitia mkono ule hakukigusa. Siku ya tatu msimamizi alimwita mpishi, akamfungia mlango, akamsogezea kiti. Alikuwa mama wa watu, hakupenda alichokuwa anakisema. Alimwomba asiingie tena katika chumba cha mama yake.

"Nimpikie?" mpishi akauliza.

"Mpikie. Ila asikuone."

Muuguzi ndiye aliyebeba sahani tangu hapo. Lakini bibi alifunga mdomo. Alisema hawezi kula na mtoto yuko na njaa mikononi mwa wezi, na hakuna sahani ya njano iliyoweza kumdanganya tena. Alikuwa anakauka mbele ya macho yao. Mpishi alimwita muuguzi kando ya karo, akainamia sahani nyekundu isiyoguswa, akatafuta la kufanya. Na akalipata. Laiti asingelipata.

"Mwambie mtoto ameondoka," akasema. "Mwambie amepata shule ya bweni, mbali. Wanampikia huko, wanakula mara tatu, na maziwa wanapewa."

"Mama, ataumia."

"Ataumia, kisha atakula. Nenda mwanangu, nenda kabla sijabadili mawazo."

Muuguzi akaenda. Aliporudi macho yake yalikuwa mekundu. Alisema bibi aliuliza kama mtoto amechukua sweta. Aliuliza kama alilia kwenye kuaga. Akauliza mbona hakuja kumuaga yeye. Kisha akavuta sahani, akala yote, akilia, mpaka ikabaki nyekundu tupu. Mama Sahani aliipokea ile sahani. Kwa mara ya kwanza hakutaka kuisoma, aliizamisha kwenye maji.

Akabaki na dirisha la kupakulia. Lilikuwa tundu la ukutani kati ya jiko na ukumbi wa kulia chakula, lenye ubao wa kuegeshea sahani, na bibi alipopata nguvu kidogo wakaanza kumleta ukumbini ale na wenzake. Mpishi alijifunza kusimama pembeni ya tundu, nusu ya uso nyuma ya ukuta. Kwa namna hiyo aliweza kumwona mama yake anakula. Alihesabu vijiko kwa midomo, akijua kabisa kwamba hakuna mwenye haki ya kumzuia kuangalia.

Siku moja alijisahau. Aliinama kuokota mwiko, akainuka katikati ya dirisha, na macho yao yakakutana. Akaganda. Alisubiri kelele. Bibi alimtazama sana, kijiko kimeishia hewani. Alitazama kilemba kilichofungwa vibaya, uso uliokuwa umepungua nao siku hizi, kwa kuwa mpishi hakuwa anaona ladha ya kitu. Kisha bibi akainamisha kichwa. Kwa kijiko, akachora mstari katikati ya viazi vyake, akasukuma upande mmoja huku na upande mwingine kule. Akamwita muuguzi.

Muuguzi alikuja dirishani na sahani nyekundu mikononi, hajui aishike vipi.

"Bibi anasema hii nusu ni yako."

"Yangu? Mimi nani?"

Binti akatazama viatu vyake. "Amesema, mpelekee yule mama aliyeiba. Amesema mtu haibi chakula cha mtoto bure bure, atakuwa ana njaa. Amesema... labda hana mama."

Mpishi alishika ubao wa dirisha. Alitaka kuirudisha. Kila kijiko cha viazi vile alikuwa amekipigia hesabu, siagi kiasi hiki, yai kiasi hiki, vyote kwa ajili ya mwili wa mama yake uliokuwa hauna cha kupunguza. Alimwambia muuguzi arudishe, aseme mpishi ameshiba. Muuguzi akarudisha, na bibi akaisukuma sahani, akakunja mikono kifuani, akatazama dirisha. Ule mkunjo wa mikono mpishi aliujua tangu utotoni. Mama yake alikuwa hali mpaka aone mwanawe amekula.

Akala. Alisimama pale dirishani mbele ya ukumbi mzima, dereva wa malori na fundi na karani wakiangalia, akala viazi visivyo na chumvi mpaka chembe ya mwisho. Bibi alimsindikiza kwa macho kijiko kwa kijiko. Alipomaliza, bibi akavuta nusu yake akaanza kula.

Ikawa ndiyo desturi yao. Mpishi akarudi kwenye kazi ya kupanga, maana alikuwa hawezi kukaa bure. Kama mama atatoa nusu, basi nusu inayobaki iwe na nguvu ya sahani nzima. Akatia krimu, akatia karanga zilizosagwa laini kama unga, akaficha kiini cha yai ndani ya viazi upande wa kushoto, kwa sababu bibi alikuwa anatoa upande wa kulia. Bibi naye, bila kujua, akageuza sahani. Alikuwa anatoa ule upande ulioonekana mtamu zaidi. Wenzake wa jikoni walicheka mpaka wakajishika mbavu, kwamba Mama Sahani, aliyewashinda wazee wote, amepata kiboko yake. Naye alicheka. Alikuwa na kila sababu ya kulia, lakini siku ile alicheka, kwa kuwa alikuwa ametengewa kizuri.

Halafu majira ya baridi yakaingia, na bibi akaanza kupaliwa. Viazi vikawa mchuzi mzito, mchuzi ukawa vijiko vichache. Daktari alikuja, akasikiliza kifua, akasema kwa upole kwamba sasa apewe anachokipenda, kiasi anachokitaka, na asilazimishwe. Mpishi alielewa. Alishawahi kuwaambia watoto wa watu wengine maneno hayohayo, kwa sauti hiyohiyo. Hakuna sahani ya rangi yoyote iliyobaki ya kununua. Hata hivyo kila mchana bibi alitaka abebwe kwenye kiti cha magurudumu mpaka ukumbini, na katika vile vijiko vichache, alichora mstari katikati.

Siku ya mwisho hakuchora. Mpishi alikuwa dirishani, uso wake wote wazi, hakuwa anajificha siku hizi. Alimwona bibi amekaa mbele ya sahani, ameshika kijiko bila kukitumia. Kisha akakilaza mezani, akamvuta muuguzi kwa kidole, akamwambia kitu sikioni. Binti alikuja na sahani nyekundu nzima, samaki aliyesagwa na viazi na siagi, haijaguswa.

"Amesema leo chukua chote," muuguzi akasema. "Amesema yeye ameshiba."

Mama Sahani alikuwa ameishi na wazee muda wa kutosha. Alijua mzee anapolisema neno lile kwa utulivu ule, hazungumzii mchana wa leo. Alitaka kupita kwenye lile tundu la ukuta, apige magoti pale sakafuni, aseme mama, ni mimi, kula kidogo kwa ajili yangu, kijiko kimoja. Angefanya hivyo, bibi angemwona mwizi anamkimbilia. Angekufa na hofu. Kwa hiyo alichukua kijiko.

Alikula polepole, kwa sababu chakula kikiisha hakutakuwa na kingine. Kila tonge alilisukuma kwa nguvu.  Bibi alimtazama mpaka mwisho, kichwa kimeegemea mgongo wa kiti, na alipoona mpishi ametulia, akauliza kwa sauti ndogo kama amemaliza. Mpishi akainua sahani juu, akaigeuza ili mama yake aione ilivyo tupu.

Bibi akaridhika. Akamwambia muuguzi amrudishe kitandani, na kwamba amwambie yule mama ajifute mashavu, amejimwagia mchuzi.